Mimba ya kupandikizwa pekee si sababu ya kuanzishiwa uchungu
Mwaka 2021, NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, ilipendekeza katika rasimu yake kwamba waliosaidiwa kitaalamu kushika mimba wafikiriwe kuanzishiwa uchungu tangu wiki ya 39. Pendekezo lilipingwa vikali, likaondolewa kwenye mwongozo wa mwisho. Kuliondoa kulikuwa sahihi. Hatari ya ziada katika mimba hizi mara nyingi huambatana na umri wa mama, mapacha, kondo kukaa vibaya au shinikizo la damu. Hayo ndiyo ya kupimwa kwanza.

Wapo watakaouliza: mtoto aliyetafutwa kwa miaka na kwa gharama kubwa, kwa nini abahatishwe? Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Lakini utafiti wa ARRIVE wa Marekani, uliochapishwa 2018, ulionyesha kuwa kuanzisha uchungu wiki ya 39 kwa wenye mimba ya kwanza isiyo na matatizo kulipunguza kidogo upasuaji, bila kuthibitisha kupungua kwa vifo na madhara makubwa kwa watoto. Basi anayetaka kuanzishiwa asitiwe hofu, asiyetaka asilazimishwe. Kuvuka wiki ya 41 ni habari nyingine: watafiti wa Uswidi walisitisha utafiti wao wa kulinganisha kuanzisha uchungu na kusubiri baada ya watoto sita kufa katika kundi la kusubiri, na hakuna aliyekufa katika kundi lililoanzishiwa. Mama, muulize daktari hatari yako wewe ni ipi, na usitoke bila jibu.