Tusigeuze soko la usiku kuwa bustani ya wanyama!

Kila wageni wapya wakiingia hapa chuoni Xi'an, wakishapata tu laini ya simu swali ni moja: "Soko la usiku liko wapi?" Na sisi wakongwe tunajibu vile vile kila mwaka: panda treni ya chini ya ardhi, shuka Zhonglou, pita chini ya Mnara wa Ngoma, ukitokea upande wa pili umefika, mtaa wa Beiyuanmen. Jamaa wanakwenda, wanarudi saa tano usiku na picha mia mbili kwenye simu, halafu wanachemsha tambi za pakiti bwenini. Jamani! Mimi nasema hivi: tunatembelea soko vibaya, na hasara haiishii kwetu tu, soko lenyewe linaumia.

Kwanza historia kidogo, msinune. Mji huu ulipokuwa unaitwa Chang'an, makao makuu ya nasaba ya Tang (618 hadi 907), usiku haukuwa wa biashara. Ngoma ilipigwa mara 300 saa sita mchana masoko yakafunguliwa, yakafungwa kabla jua halijazama, kisha mageti ya mitaa yakatiwa makufuli. Ukikutwa unazurura barabara kuu, fimbo. Masoko ya usiku yalikuja kupamba moto baadaye sana, enzi za nasaba ya Song, huko Kaifeng. Kwa hiyo huu uhuru wa mtu kula mishikaki saa nne usiku mbele ya mnara uliojengwa mwaka 1380 si kitu cha kuchezea. Watu waliupata polepole.

Na eneo lile si ukumbi wa maonyesho. Ni mtaa wa Wahui, Waislamu wa Kichina, wameishi pale karne na karne. Msikiti wao Mkuu una mapaa ya Kichina, ukiuona kwa mbali unaweza kudhani ni hekalu. Chakula cha mtaa huo ni halali, ndiyo maana washkaji wa Unguja na Tanga wanapapenda kinoma. Watu wanakaa, wanasali, wanasomesha watoto pale pale.

Sasa angalia Beiyuanmen. Ngisi mzima wa kuchoma kwenye kijiti! Xi'an iko ndani kabisa ya nchi, bahari iko mbali huko, ngisi anafuata nini? Anafuata kamera. Hesabu yake ni rahisi: kama mteja wako anapita mara moja tu maishani, huna haja ya kumpikia vizuri ili arudi, unahitaji kitu cha kumshangaza ili asimame. Duka moja likifanya hivyo likauza, la pili linaiga, la tatu linaiga, mwisho mtaa mzima unauza kitu kile kile. Yule mzee aliyekuwa analisha majirani supu hawezi kushindana na mshangao.

Mnadhani natia chumvi? Beijing kulikuwa na soko la usiku la Donghuamen, karibu na Wangfujing. Lilianza mwaka 1984. Likaja kujulikana dunia nzima kwa nge na tandu kwenye vijiti, vitu ambavyo Wabeijing wenyewe wala hawavili kama chakula cha jioni. Wageni walijaa, wakapiga picha, wakaondoka. Wakazi wa pale walilalamikia kelele, takataka na msongamano, na Juni 2016 likafungwa. Soko ambalo jirani yake halili pale, siku ya kufungwa nani atalitetea?

Najua kuna mtu atasema: hela ya mtalii nayo ni hela, na mwanafunzi ana haki ya kupiga picha zake. Kweli kabisa, hata mimi napiga. Lakini sisi si watalii wa siku mbili, tunakaa hapa miaka. Tuna nafasi ambayo mtalii hana, nayo ni nafasi ya kurudi. Mteja anayerudi ndiye anayemlazimisha mpishi apike vizuri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ingia vichochoro. Kata kushoto kuelekea Xiyangshi, tafuta Dapiyuan, au nenda kabisa Sajinqiao, mahali wenyeji wanakopanga foleni. Kaa chini, agiza yangrou paomo. Unapewa mkate mgumu na bakuli, unaumega mwenyewe vipande vidogo vidogo kama punje, kisha mpishi anauchukua kwenda kuupika na supu ya kondoo. Ukimega mapande makubwa supu haiingii ndani, utakula mkate mkavu na lawama ni zako, teh teh! Kazi hiyo inachukua muda, na katika muda huo utaongea na aliyekaa pembeni yako, utake usitake.

Na hapo ndipo mimi wa ualimu ninaponogewa. Darasani mwalimu wa Kichina anakusubiri umalize sentensi. Muuza mishikaki hakusubiri, nyuma yako kuna watu kumi wana njaa. Ukiuliza "duoshao qian" anakujibu kwa lafudhi ya Xi'an, unaduwaa, unauliza tena, kesho unaelewa. Neno "mei mada", yaani hamna shida kwa Kichina cha huku, mtalipata kwa watu wa namna hii. Mnalalamika mitihani ya lugha inawatoa jasho, na somo la bure lipo vichochoroni kila jioni.

Basi mkienda wikiendi hii, kila mmoja achague kibanda kimoja, ale, aulize jina la chakula, na wiki ijayo arudi pale pale. Mkishiba ndiyo mpige picha. Naomba kuwasilisha.