Mnangoja Afe Ndio Mlete Kinanda

Ukitaka kujua mzee wa Gusii anathaminiwa kiasi gani, ngoja afe.

Grupu la WhatsApp linafunguliwa usiku huo huo. Kamati inachaguliwa, mweka hazina anapatikana, na watoto walioko Nairobi, Qatar na Minnesota wanaanza kutuma pesa bila kusukumwa. Siku ya mazishi kuna hema, viti vya plastiki vya kukodi, jenereta, spika mbili ndefu kama mlango, na mimi. Mimi ndiye yule kijana wa kinanda. Nimepiga matanga kutoka Suneka hadi Ekerenyo, kutoka Ogembo hadi Nyansiongo, na kwa pesa sina malalamiko, huwa nalipwa. Lalamiko langu ni moja: mteja wangu mkuu huwa hanisikii.

Halafu MC anachukua mikrofoni anasema, "Kijana wa kinanda, tupigie ule wimbo mama alikuwa anaupenda sana." Sawa, napiga. Lakini nikiwa pale huwa najiuliza, aliupenda akiupigiwa na nani? Mara ya mwisho mama huyu kukaa kwenye kiti chake akapigiwa wimbo wake, yeye kama yeye, ilikuwa lini? Wengi mnaosoma hapa hamna jibu. Ni afadhali mkasirike sasa kuliko mje kulia kwenye spika zangu.

Najua ile kauli inakuja. "Sisi Abagusii hatuna mambo ya nyumba za wazee, hiyo ni tabia ya wazungu, sisi wazee wetu tunakaa nao nyumbani." Mnakaa nao? Wewe unakaa Utawala, ndugu yako anakaa Eldoret, dada yenu yuko ng'ambo, na mama yuko Nyamira na mjukuu wa darasa la tano ambaye mchana yuko shule. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni anaongea na kuku. Hiyo nayo ni nyumba ya wazee, tena yenye mkaaji mmoja na isiyo na muuguzi. Zanzibar angalau serikali ina makazi ya wazee pale Sebleni na Welezo, na Nairobi kuna masista wenye nyumba yao Kasarani. Ukitaka kwenda kuwapigia wazee wa huko muziki, unajua mlango wa kubisha. Kwetu wazee wametawanyika kwenye vilima, kila mmoja na ukimya wake, na sisi tunauita ukimya huo utamaduni.

Kuna jambo lingine kuhusu ukimya huu ambalo watu hawapendi niliseme, kwa hivyo nitalisema. Oktoba 2021, huko Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu wakiitwa wachawi. Mei 2008 watu 11 walichomwa hapa hapa Kisii kwa tuhuma hizo hizo, wengi wao akina mama wazee. Tukio likipita tunaandika "inasikitisha" na tunasonga. Lakini fikiria mzee anayeanza kupata ule ugonjwa wa kusahau. Anatoka usiku akidhani ni asubuhi. Anapatikana kwenye boma la jirani hajui alifikaje. Anaongea peke yake, anamwita mtu aliyekufa zamani. Daktari ataona ugonjwa. Kijana ambaye hajawahi kukaa naye hata dakika kumi ataona kitu kingine, na kijana huyo ndiye anayebeba kiberiti. Sisemi kinanda kitamaliza mauaji, kuna mambo ya mashamba na chuki za familia humo ndani, polisi na mahakama wana kazi yao. Nasema ni vigumu kumwogopa mtu ambaye Jumapili iliyopita alikufundisha ubeti wa wimbo.

Sasa nizungumzie muziki wenyewe, kwa sababu wengi wenu mnadhani ni burudani ya kupitisha wakati.

Kuna filamu ya Marekani ya mwaka 2014, Alive Inside, inayofuata kazi ya Dan Cohen, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyekuwa akipeleka vifaa vya muziki kwenye nyumba za wazee. Humo kuna mzee anaitwa Henry. Ameinamisha kichwa, hasemi na mtu. Wanamvalisha visikizio, wanamwekea nyimbo za ujana wake, na yule mzee anafumbua macho, anatikisika, anaanza kuimba. Wimbo ukiisha anaulizwa maswali na anajibu vizuri kabisa, anaeleza alimpenda mwanamuziki gani. Ugonjwa haukupona. Ila kwa dakika kadhaa Henry alikuwepo.

Mimi sikuhitaji kwenda Marekani kuliona hilo. Kuna omong'ina mmoja, sitasema kijiji, ambaye binti yake aliniambia, "Usijisumbue, yeye hata sisi hatujui." Nikaanza na wimbo wa Kristo ambao kila Msabato wa Gusii amelelewa nao. Kimya. Nikashusha kii. Kimya. Nikashusha tena, nikapunguza mwendo hadi nikaona aibu, na hapo mguu wake ukaanza kugonga sakafu. Mimi najua beti mbili za wimbo ule. Yeye aliimba zote, hadi wa nne, na mimi nikawa ndiye ninayemfuata. Binti yake alikuwa jikoni. Alikuja mlangoni ameshika mwiko, akasimama tu.

Ndio maana ninyi mnaosema "si umwekee tu redio, Egesa iko" hamnielewi. Redio ni nzuri, sijaitukana. Lakini redio haimsubiri mtu. Sauti ya mama inashuka akizeeka, hawezi tena kufika pale kwaya ya studio inafika. Kinanda kina kitufe cha kushusha kii, bonyeza mara tatu mko sawa. Pumzi yake ni fupi, unangoja amalize kuvuta. Amerudia ubeti wa kwanza mara tatu kwa sababu amesahau ameshauimba? Na wewe rudia, kwani unaenda wapi? Na tafadhali, nyinyi wapigaji wenzangu, acheni kufungua spika kama mko kwenye harusi. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza zile sauti nyembamba za juu, ndizo zinazobeba s na f na t, ndizo zinazomwezesha kushika maneno. Ukimwagia besi nzito juu yake, anasikia ngurumo tu. Zima ule mdundo wa mashine. Piga mkono wa kulia wazi, kushoto kidogo, na ukae mahali anaona mdomo wako.

Nyimbo pia. Watu hushika kwa nguvu zaidi muziki wa kati ya utoto na miaka kama thelathini. Piga hesabu. Mama wa miaka 80 leo alikuwa msichana miaka ya sitini, Daudi Kabaka akiwika redioni na twisti yake. Baadaye kidogo akaja Monyoncho na benga ya Ekegusii, na usinidanganye kwamba yule mzee wa kanisa anayekunja uso leo hakuwahi kuicheza. Sasa wewe unamletea mtu huyu wimbo uliotoka mwaka jana kwa sababu ndio unaoujua. Huyo umempigia wewe mwenyewe. Muulize. "Tata, enzi zenu mlikuwa mnacheza nini?" Nimeshawahi kuuliza hivyo nikapata saa nzima ya habari za obokano, nyuzi zake nane zinavyokazwa, jinsi mpigaji anavyokaa, jinsi inavyovuma chini kabisa kama nyuki ndani ya mzinga. Kinanda changu cha Yamaha chenye sauti mia kadhaa hakina sauti hiyo hata moja. Mzee alijaribu kuniimbia ile besi kwa mdomo. Sijui chuo gani kingenifundisha hivyo bure.

Na wazee sio watazamaji tu. Bi Kidude wa Zanzibar alipanda majukwaa akiwa bibi kizee kabisa, karibu hadi alipofariki Aprili 2013, na hakuna aliyemwambia akapumzike. Hapa kwetu mama akiimba kwa sauti akiwa peke yake tunaulizana kama ako sawa.

Nije kwa wenzangu wa kamera, kwa sababu huku ndiko kunaniuma zaidi. Tunajuana. Unampelekea shosho pakiti mbili za unga na kamera tatu. Unamtafuta aliye na paa linalovuja zaidi, unamwambia arudie kushukuru kwa sababu upepo uliingia kwenye maiki, unaweka muziki wa huzuni juu yake, na kufikia jioni laiki zinamiminika. Huo muziki wa huzuni uliupakua wapi? Mama wa watu anapenda nyimbo za kuchezesha mabega! Tuna sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, na haijasema uso wa mtu unakuwa mali ya umma akifika miaka 70. Yangu ni hii: kamera inabaki kwenye begi. Siku nikimzoea, namuuliza yeye, sio mwanawe, sio chifu. Akisema hapana, napiga wimbo unaofuata. Ndio maana kwenye ukurasa huu mnaona vidole vyangu na vinanda tu, na ndio maana wafuasi wangu ni wachache kuliko wenu. Tuendelee.

Wengine mtasema wazee wanataka chakula na dawa, muziki haujazi tumbo. Kweli haujazi. Pesa za Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70, na ukiziona unajua hakuna mtu anayeishi kwa hizo. Nunueni dawa. Nunueni maziwa na wimbi. Lakini nimegundua kitu: anayenitajia chakula kila nikitaja muziki ni yule yule ambaye hamna chochote alichotuma, na ni yule yule ambaye siku ya matanga ataulizia kwa nini spika ni mbili tu. Wakati huo muziki unajaza tumbo la nani? Serikali imepiga marufuku disko matanga mara ngapi sasa, na bado tunakodi. Kwa hivyo pesa ya muziki ipo. Tarehe ndiyo mbaya.

Pendekezo langu kwa familia ni jepesi kabisa. Msinilipe zaidi. Chukueni nusu ya ile mngelipa siku ya mazishi, mniite sasa, mchana mmoja, mama akiwa kwenye kiti chake chini ya mparachichi na majirani watano wa rika lake. Hamna haja ya hema. Siku ya mazishi mtanikosea nusu, na mimi nitavumilia. Kwa wapigaji: mtu mwenye matanga manne kwa mwezi hawezi kukosa alasiri moja. Wadi za wagonjwa pia zina wazee waliolala wiki tatu bila mgeni, ila huko muombe ruhusa kwa muuguzi mkuu na mpige polepole. Kwa makanisa ambayo hayataki ngoma wala mdundo, sina ugomvi nanyi, Sabato alasiri tunaimba nyimbo za kitabu tu na kinanda kinakuwa kama ogani. Jumapili ni ya benga, na huko mchungaji asiponiona asiulize.

Kwa sasa tuko vijana watatu wenye vinanda, wawili upande wa Nyamira na mimi Kisii. Tuna orodha ya maboma tisa kati ya Keroka na Kebirigo ambayo yametukubali. Mengi hayana stima ya kutegemewa, kwa hivyo tunatafuta mtu mwenye betri ya kinanda au sola ndogo ya kuazima Jumapili. Na yeyote anayejua mzee ambaye bado ana obokano iliyo na nyuzi zote, anitumie ujumbe. Kuna omogaka anataka kuishika tena, na ameniambia nisikawie.