Uraia Hauanzii Lusaka



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tuzungumzie jambo ambalo hapa Nchelenge husemwa kila siku, lakini kwa sauti ya chini. Jambo lenyewe ni uraia. Wanaolisema ni ndugu zetu waliovuka mpaka kutoka upande wa Pweto na Moba, ni wafanyabiashara waliotoka Tanzania kufuata samaki wakaoa na kubaki, na ni watoto wao waliozaliwa Kashikishi ambao Kongo au Kigoma wanaisikia tu kwenye simu ya bibi. Wote wanauliza: nani atatusaidia? Na jibu wanalopewa mara nyingi ni hili: "Lete pesa, mimi nina mtu Lusaka."

Kutoka hapa hadi Lusaka ni karibu kilomita 1,000. Mtu anauza nyavu zake, anauza magunia ya chisense, anampa dalali wa karatasi, na baada ya miezi sita dalali habadili hata namba ya simu, anaacha tu kupokea. Mimi nasema msaada wa kwanza hauko Lusaka. Uko kliniki, uko kwa mkuu wa kijiji, uko boma, na sehemu yake kubwa uko mikononi mwetu sisi majirani. Tusipoutoa sisi, madalali wataendelea kula.

Tuangalie kwanza sheria inasema nini, maana wengi wanaisikia kwa tetesi. Katiba ya Zambia ilivyorekebishwa mwaka 2016 inasema aliyezaliwa Zambia ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku ile mzazi wake mmoja, baba au mama, alikuwa raia. Kuzaliwa hapa peke yake hakutoshi. Lakini mtoto wa wageni aliyezaliwa hapa, akifika miaka 18 na akiwa ameishi nchini kama mkazi kwa miaka 5 isiyopungua, ana haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia. Aliyezaliwa nje anatakiwa miaka 10 mfululizo. Aliyeoana na raia anaweza kuomba baada ya miaka 5 ya ndoa. Maombi yote hayo yanaamuliwa na Bodi ya Uraia, kwa mujibu wa sheria ya uraia ya mwaka huo huo wa 2016.

Sasa tazama, ndugu msomaji, kila neno hapo linadai ushahidi. Umezaliwa hapa? Onyesha. Umekaa miaka kumi mfululizo? Onyesha. Umeoa? Onyesha. Na hapa ndipo watu wetu wanapokwama, wala si kwenye fomu.

Chukua mfano wa kijana aliyezaliwa hapa ufukweni na wazazi wageni. Mama alijifungulia nyumbani, au alijifungulia kliniki akapewa kadi ya mtoto ile ya kupimia uzito. Kadi ikalowa masika, nusu ikaliwa na mchwa. Cheti cha kuzaliwa hakikufuatwa. Shuleni jina likaandikwa kwa namna moja, kliniki kwa namna nyingine. Akifika miaka 18 ana haki iliyoandikwa katika Katiba lakini hana kipande cha karatasi cha kuipeleka mezani! Wala tusidhani ni tatizo la wageni tu. Utafiti wa kitaifa wa watu na afya wa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Zambia walio chini ya miaka mitano, ni kama 14 tu ambao kuzaliwa kwao kumesajiliwa. Tofauti ni kwamba mtoto wa mwenyeji ana babu, ana ukoo na chifu wa kumtambua. Mtoto wa mgeni ana ile kadi iliyoliwa na mchwa.

Mvuvi naye ana shida yake. Uvuvi ukifungwa, tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, wengine huvuka kwenda kwa jamaa upande wa Kongo. Ni jambo la kawaida kabisa katika ziwa hili. Lakini sheria inasema mfululizo, na ofisa akiuliza ulikuwa wapi miezi ile mitatu, kila mwaka, utajibu nini bila kumbukumbu yoyote? Anayetaka kuomba uraia huko mbele aanze leo kuhifuza kila kinachoonyesha kwamba maisha yake yako hapa: risiti za ushuru wa soko, leseni ya uvuvi, karatasi za shule za watoto, barua ya mkuu wa kijiji yenye tarehe.

Na kina mama wanaoolewa kwa nikaha, tafadhali sana. Ndoa yenye mahari na mashahidi ni ndoa mbele ya Mwenyezi Mungu, hilo halina ubishi. Lakini ofisa hataenda kumhoji imamu aliyekwisha kufariki. Ulizeni pale ofisi ya halmashauri namna ya kuiandikisha ndoa, mapema, mkiwa bado mnapendana na mashahidi wako hai.

Kuna njia ya mkato ambayo vijana wananong'onezana: kwenda kuchukua NRC ya kijani kwa kudai wewe ni mtoto wa fulani wa kijiji fulani. Jina la kukodi, baba wa kukodi. Nawaambia wazi, msifanye. Kwanza ni uongo, na mnaujua uzito wake katika dini yetu. Pili, Katiba yenyewe inasema uraia uliopatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la msingi utafutwa. Kijana aliyekuwa na haki ya kweli ya kuomba akifika miaka 18 anaiharibu kwa kadi ya uongo aliyoichukua akiwa na miaka 16. Na yule baba wa kukodi naye anaingia matatani.

Nije kwa ndugu zetu wa Mantapala. Makazi yale yalifunguliwa Januari 2018, baada ya kituo cha Kenani kujaa watu waliokimbia vita vya Haut-Katanga na Tanganyika tangu katikati ya 2017. Waliovuka mwaka ule wa 2017 wanatimiza miaka 10 mwaka 2027, na tayari tetesi zimeanza kwamba mwaka huo watapewa uraia. Tusiwadanganye. Hadhi ya mkimbizi ni kitu kimoja na kibali cha ukazi ni kitu kingine; cha kwanza kinashughulikiwa na Kamishna wa Wakimbizi, cha pili na Idara ya Uhamiaji, na kivitendo Zambia haijafungua mlango wa kutoka kambini moja kwa moja hadi kwenye uraia. Tumeona mfano wa Waangola. Ukimbizi wao ulipokoma mwaka 2012, serikali iliahidi kuwapa nafasi ya kubaki wapatao 10,000, kule Meheba na Mayukwayukwa. Walichopewa ni mpango wa vibali vya ukazi, na hata hivyo ulikwenda polepole kwa sababu wengi hawakuwa na pasi za Angola za kugongewa kibali. Karatasi tena! Kwa hiyo anayewauzia watu wa Mantapala "fomu za uraia za 2027" ni mwizi, na tumwite hivyo.

Wapo watakaosema, mbona tujisumbue na mambo ya wageni? Ndugu yangu, mpaka huu unaopita katikati ya ziwa ulichorwa mwaka 1894 kwa mapatano ya Waingereza na Mfalme Leopold, na ukoo mmoja ukagawanywa mara mbili. Mwata Kazembe mwenyewe, watu wake walitoka upande wa magharibi wa Luapula. Na Kiswahili hiki unachokisoma kilifika hapa kwa misafara ya karne ya 19; yuko Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekaa miaka mingi kwa Kazembe bila ruhusa ya kuondoka, hadi alipotoka pamoja na Livingstone. Siku hizo mgeni alizuiliwa asiondoke. Leo anazuiliwa asibaki.

Wenzetu wa Kenya wametuonyesha inavyowezekana. Wamakonde wa Kwale, watu waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi vizazi kadhaa bila kitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi, wakiwa na watetezi wa haki za binadamu waliokuwa wamewasaidia kwa muda mrefu, wakafika kwa Rais, na amri ikatoka waandikishwe kabla ya Desemba mwaka huo. Watu wanakumbuka ile safari ya miguu. Mimi naitazama zaidi miaka ya kabla yake, ya kukaa na familia na kuitetea kesi yao kwa subira wakati hakuna kamera.

Kazi kama hiyo tunaweza kuianza kwa ukubwa wetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Tumeizoea katika biashara. Tuitumie na hapa. Msikiti uwe na meza, Ijumaa baada ya Asri. Asiye na cheti cha mtoto aelekezwe kliniki na boma, na kama lugha ni tatizo, apewe mtu wa kumfasiria Kiingereza na Kibemba. Majina yaandikwe kwa namna moja tu kila mahali. Nyaraka zipigwe picha. Jirani aliyeshuhudia fulani akifika mwaka fulani aandike barua na kutia sahihi, akiwa na uhakika, wala si kwa kuombwa. Kesi ngumu zipelekwe kwa Bodi ya Msaada wa Sheria, ambayo ni ya serikali na ipo kwa ajili ya wasio na pesa ya wakili. Sheria ya mwaka 2021 imewatambua hata wasaidizi wa sheria wanaofanya kazi vijijini. Na meza hiyo isimuulize mtu dini yake. Wengi wa Mantapala ni Wakristo, ni majirani zetu vile vile.

Gharama yake? Daftari nene, kalamu mbili, na sanduku la bati lisiloingia maji wala mchwa. Wa kuandika tunao: wanafunzi waliomaliza mitihani ya Gredi 12 wako nyumbani wanasubiri matokeo miezi ile ile ambayo uvuvi umefungwa na wavuvi ambao hawakuvuka hawana pa kwenda.