Kachumbari Si Chakula cha Mbwa

Ipo desturi katika nyumba na shule zetu ya kumkusanyia mbwa makombo yote ya mezani, yawe na kachumbari, mchuzi au chumvi tele. Wapo watakaodai kwamba mbwa wetu wameishi hivyo tangu jadi wala hawakudhurika. Je, ni nani aliyewachunguza waliokufa?

Kitunguu maji kina kemikali za salfa ziharibuzo chembechembe nyekundu za damu ya mbwa. Kitunguu saumu, nduguye, ni kikali zaidi. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, hivyo mchuzi nao ni hatari. Mbwa wa kilo 20 aweza kudhurika akila zaidi ya gramu 100, nacho kitunguu kimoja cha wastani hufikia uzani huo. Ubaya ni kwamba dalili huchelewa kwa siku kadhaa: ufizi hupauka, mkojo hugeuka rangi ya kahawia, mnyama akalegea. Kufikia hapo mwenyewe amekwisha kuisahau kachumbari, naye huwalaumu kupe, maana homa wailetayo ina dalili zizo hizo.

Chumvi ikizidi mno humtapisha na hata kumtia degedege. Pilipili, ambayo wengi huiogopa, humwasha na kumvuruga tumbo tu.

Mwalimu afundishaye mfumo wa damu ana mfano uliomlalia mlangoni. Naye mpishi wa shule, kabla ya kukaanga vitunguu vya githeri, hakosi nafasi ya kumtengea mbwa wa bawabu sima na kipande cha nyama isiyoungwa.