MFANYABIASHARA MDOGO ATAKA MLEZI, SI MKOPO TU

Fedha peke yake haimfanyi mtu kuwa mfanyabiashara. Sheria ya mwaka 2018 yaziagiza halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Ni jambo jema, nasi twaliunga mkono. Lakini twauliza: mkopaji akishapokea fedha, nani atamshika mkono?

Semina ya siku mbili si ulezi. Tena afundishaye watu wote somo moja hajui amfundisha nani. Huko Ngara, kwa Wahangaza na Washubi, mama auzaye ndizi Kabanga hupokea faranga za Burundi, na mwenziwe wa Rusumo hupokea za Rwanda. Hao wataka kujua kubadili fedha pasipo hasara. Biharamulo wako Wasubi, Wazinza, Wasukuma, Waha na wengine waliofuata ardhi na dhahabu. Kijana wa machimboni leo anazo, kesho hana; huyo ataka kufundwa kuweka akiba. Na mjane asiyejua kusoma ataka mtu wa kukaa naye penye meza yake, si wa kumhutubia.

Somo tunalo nyumbani. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Benaco ikawa mji, na wanunuzi wakajaa. Desemba 1996 wanunuzi hao wakarudishwa kwao. Aliyewategemea wao tu alibaki na bidhaa mkononi. Wenyeji waliopita katika siku zile na biashara zao zikasimama, hao ndio walimu wetu.

Basi twashauri hivi. Kila kata iandike wafanyabiashara wake wadogo: umri, kazi, elimu, lugha, wanaume na wanawake, si kwa kuwabagua, bali kwa kuwajua. Kisha kila mkopaji apewe mlezi wa papo hapo, mwenye biashara ya namna ile ile, amtembelee mwaka mzima. Halmashauri imlipe nauli mlezi huyo.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wanachama wenye maduka, msingoje kuitwa. Anzeni na jirani.