Netiboli Gusii itakua vijana wakikabidhiwa kipenga

Kwa wasichana wengi wa Ekerenyo na viunga vyake, katika kaunti ya Nyamira, netiboli ni mchezo wenye tarehe ya kukoma. Hujifunza kuucheza katika shule ya msingi, huuendeleza katika sekondari, kisha siku ya mwisho ya mtihani wa Kidato cha Nne huuacha langoni pamoja na sare ya shule. Kaka zao waliozoea kandanda hupata timu ya kijiji, ya soko au ya wanabodaboda ya kuchezea. Wao hurudi nyumbani kuchuma majani chai, kulea wadogo zao au kusubiri.

Hali hii haiko Ekerenyo pekee. Ndiyo sura ya netiboli katika sehemu nyingi za Kenya. Ni vigumu kuutaja mchezo mwingine unaojulikana na wasichana wengi kiasi hicho ilhali una mahali pachache mno pa kuchezewa baada ya masomo. Kila inapozuka hoja ya kuukuza, wadau huomba viwanja na wafadhili. Ni nadra kuwasikia wakiuliza ni nani atakayeshika kipenga, atakayeandika ratiba na atakayewaita wachezaji uwanjani Jumapili alasiri. Hapo ndipo kiini cha tatizo kilipo, na jibu lake limo vijijini tayari: ni vijana wenyewe, hasa wasichana waliomaliza shule majuzi.

Suala la uwanja ndilo hutangulizwa katika kila kikao, kwa hivyo na lizungumziwe kwanza. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 605,576 katika kaunti ya Nyamira, takriban watu 675 kwa kila kilomita moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena baina ya wana na wajukuu, na penye mteremko usiofaa mahindi pamepandwa chai au mikaratusi. Kupata mahali pa kutengeneza uwanja wa kandanda wa mita 100 kwa 64 nje ya shule ni ndoto. Hata maafisa wa kaunti wanapozungumzia michezo, mjadala aghalabu huishia kwenye uwanja wa Manga, kana kwamba bila majukwaa ya saruji hakuna mchezo.

Netiboli haihitaji makuu hayo. Uwanja wake una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, yaani futi 100 kwa 50. Kila Mkenya aliyewahi kununua au kutamani ardhi anavijua vipimo hivyo: ni ploti ya hamsini kwa mia, thumuni ya ekari. Eneo la uwanja mmoja wa kandanda lingetosha viwanja 13 vya netiboli. Nguzo zake mbili, zenye kimo cha mita 3.05, zinaweza kukatwa katika mikaratusi inayoota kila kilima cha Gusii, na fundi wa kuchomelea vyuma sokoni hashindwi kukunja pete yenye kipenyo cha sentimita 38. Kwa eneo lililobanwa na uhaba wa ardhi, ni vigumu kuupata mchezo wa timu unaoyafaa mazingira yake zaidi ya huu.

Ikiwa ardhi si kikwazo kikuu, basi ni watu. Netiboli ni mchezo wa sheria kali. Kila timu huwa na wachezaji 7, kila mmoja akivaa herufi zinazoonyesha sehemu za uwanja anazoruhusiwa kuingia. Mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao, hana budi kuutoa kabla ya sekunde 3 kupita, na anayemzuia sharti asimame umbali wa sentimita 90. Ni wachezaji wawili tu wa kila upande wanaoruhusiwa kufunga. Mchezo wa namna hii haupigiki bila mwamuzi anayezijua sheria, na kanuni zinadai waamuzi wawili kwa kila mechi, mbali na waweka alama na watunza saa.

Hesabu rahisi inadhihirisha uzito wa jambo hili. Eneobunge la Mugirango Kaskazini lina wadi tano: Itibo, Bomwagamo, Bokeira, Magwagwa na Ekerenyo. Kila wadi ikitoa timu mbili, na kila timu ikakutana na nyingine mara moja tu, mechi zitakuwa 45 na nafasi za uamuzi 90. Mzigo huo hauwezi kubebwa na walimu wachache wa michezo ambao tayari wana vipindi vya kufunza na mitihani ya kusahihisha, na ambao huhamishwa wakati wowote. Mwalimu anapohamishwa, timu aghalabu huondoka naye. Msichana wa kijijini anayezijua sheria hahamishwi na tume yoyote.

Mfano wa kutazamwa uko jirani. Timu ya taifa ya Uganda, She Cranes, ilimaliza katika nafasi ya 7 kwenye Kombe la Dunia lililoandaliwa Liverpool mwaka wa 2019, na nafasi ya 5 mjini Cape Town mwaka wa 2023, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kuletwa Afrika. Kenya haikuwa miongoni mwa mataifa 16 yaliyoshiriki Cape Town. Peace Proscovia, aliyetokea kaskazini magharibi mwa Uganda, amecheza katika ligi za kulipwa za Uingereza na Australia. Mwenzake Mary Nuba Cholhok alikuwa katika kikosi cha Loughborough Lightning kilichotwaa ubingwa wa Uingereza mwaka wa 2021 na 2023.

Ufanisi huo haukuletwa na viwanja vya kifahari. She Cranes yenyewe imewahi kutatizwa na uhaba wa fedha mara kadhaa. Kilichoisaidia Uganda ni kwamba msichana anayemaliza shule hukuta klabu inayomngoja, kama vile ya shirika la bima la NIC, ya idara ya magereza, ya polisi au ya jiji la Kampala. Nchi hiyo ilipoandaa mashindano ya dunia ya vyuo vikuu mwaka wa 2018, ilitwaa kombe kwa wachezaji waliokuzwa na mfumo huo. Kati ya shule na timu ya taifa kulikuwa na daraja.

Ekerenyo haina shirika la bima wala makao makuu ya magereza. Daraja lake halina budi kujengwa kwa vilivyopo: makanisa, viwanda vya majani chai, vyama vya akina mama na, zaidi ya vyote, vijana. Abagusii si wageni wa mpango wa aina hiyo. Tangu kale majirani walikusanyika katika risaga, wakalimiana mashamba kwa zamu. Ligi ya kijiji si jambo geni kwa watu waliozoea kazi ya zamu.

Inafaa, hata hivyo, maana ya uongozi wa vijana ielezwe wazi, kwani neno hilo limechakaa kwa kutumiwa vibaya. Mara nyingi kijana "huongoza" kwa kuvishwa fulana, kuimba mbele ya mgeni wa heshima na kupigwa picha, huku maamuzi yakifanywa na wazee wa kamati ambao hawajashika mpira kwa miaka 30. Huko ni kupambwa, si kuongoza. Uongozi wa kweli katika netiboli una sura tatu.

Kwanza ni kipenga. Vijana wapewe mafunzo ya uamuzi na ukufunzi yanayotambuliwa na shirikisho la netiboli nchini, wapate vyeti, na walipwe japo posho ndogo kwa kila mechi. Nchini New Zealand, mojawapo ya ngome za netiboli duniani, ni jambo la kawaida wanafunzi wa sekondari kuwafunza na kuwaamulia watoto wadogo mwishoni mwa wiki.

Pili ni kiti. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 55, inaitaka serikali kuhakikisha vijana wanashiriki na kuwakilishwa katika nyanja zote za maisha ya taifa. Kamati ya michezo ya wadi ambayo haina hata msichana mmoja aliye chini ya umri wa miaka 25 haiwezi kudai kuwa inajua ni saa ngapi msichana huyo anaweza kutoka nyumbani kuja kucheza.

Tatu ni daftari la fedha. Katiba hiyohiyo, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti jukumu la shughuli na vifaa vya michezo. Kwa hivyo mipira, nyavu na posho za waamuzi ni haki ya kudaiwa Nyamira, wala si hisani ya kuombwa Nairobi. Kijana anayeandika ratiba apewe pia fursa ya kujua ni shilingi ngapi zimetengwa, na atoe hesabu zake hadharani. Hiyo ndiyo shule ya uongozi isiyo na karo.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Watasema vijana hawakai: leo yuko Ekerenyo, kesho yuko Nairobi akitafuta kibarua. Ni kweli. Lakini dawa yake ni kuwafunza wengi, ili anayeondoka aache wawili nyuma yake, badala ya kumtegemea mmoja. Mwamuzi mwenye cheti, isitoshe, huhama na ujuzi wake na huweza kuutumia popote aendako.

Watauliza pia kuhusu usalama wa watoto. Hoja hii ina uzito zaidi. Kijana wa miaka 19 anayewafunza wasichana wa miaka 13 anahitaji kusimamiwa, na mzazi anahitaji kujua bintiye yuko na nani na atarudi saa ngapi. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inamlinda mtoto nje ya shule sawa na ndani. Kila timu iwe na mlezi mtu mzima anayejulikana na wazazi, na mechi zimalizike kungali mchana. Kuwapa vijana mamlaka hakumaanishi wazee waondoke. Kunamaanisha wabadilishe nafasi, kutoka waamrishaji hadi walezi.

Pingamizi kubwa zaidi huenda ikawa ile isiyotamkwa: kwamba netiboli haina faida. Haimo katika Olimpiki, na serikali hupenda kugharimia michezo inayoleta medali za huko. Aidha, mapenzi ya Gusii yako kwa kandanda. Shabana iliporejea Ligi Kuu mwaka wa 2023 baada ya miaka 17, shangwe zilitanda Kisii na Nyamira. Lakini netiboli imo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu Kuala Lumpur mwaka wa 1998, na hata orodha ya Glasgow ya mwaka wa 2026 ilipopunguzwa hadi michezo 10 pekee, haikuondolewa. Njia ya kufika mbali ipo, ijapokuwa ni nyembamba.

Hata hivyo, faida kuu haiko Glasgow bali nyumbani. Shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, na wanafunzi wengi wasirudi darasani hadi Januari 2021, ilidhihirika jinsi msichana wa mashambani anavyokosa mahali pa kukutana na wenzake pindi shule inapofunga milango. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ina hatari zake pia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2014 ulionyesha kuwa wanawake 84 kati ya 100 wa jamii ya Abagusii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ingawa sheria ya mwaka wa 2011 iliharamisha ukeketaji, na Desemba ndio msimu ambao wasichana huwa hatarini zaidi. Mpira hauwezi kuumaliza ukeketaji wala mimba za mapema. Lakini timu inayokutana kila Jumapili huwa na daftari la mahudhurio, na msichana asipoonekana wiki mbili, kuna dada wa kuuliza yuko wapi.

Mfumo mpya wa elimu nao umefungua mlango. Sekondari ya msingi, iliyoanza mwaka wa 2023, imewaweka wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 katika maboma ya shule za msingi, karibu na makwao. Katika sekondari ya juu, michezo imepewa hadhi ya mkondo wa masomo pamoja na sanaa. Mkondo huo utakuwa jina tupu ikiwa mtoto atausomea darasani bila kuona kijijini mtu hata mmoja anayeheshimiwa kwa sababu ya mchezo.

Hatua ya kwanza haihitaji bajeti ya ziada wala sherehe ya uzinduzi. Shule ziruhusu viwanja vyake vitumiwe Jumapili, siku ambayo hata Wasabato, ambao ni wengi Gusii, huwa huru. Shirikisho lilete wakufunzi wa uamuzi mashinani badala ya kuwangoja wasichana Nairobi. Kaunti inunue mipira na vipenga. Kisha wazee wa kamati wakae kando ya uwanja watazame, na msichana aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka jana aachiwe aanzishe mechi.