Mapenzi ya Mungu Mpakani mwa Kihamba



Ndugu msomaji, kila siku twasali Baba Yetu, na humo twaomba mapenzi ya Mungu yatimizwe duniani kama mbinguni. Lakini sikiliza jinsi tunavyolitumia neno hilo nyumbani. Mtoto akifa, twasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Mvua ikikosa, mahindi ya tambarare yakakauka, twasema vile vile. Ila siku ya kugawa kihamba cha marehemu, hakuna aulizaye Mungu apenda nini. Huulizwa ukoo tu. Kana kwamba Mungu ana neno makaburini, lakini penye masale ya mpaka hana neno!

Mtazame Mwenye Heri Anuarite Nengapeta. Alizaliwa Wamba, nchini Kongo, mwaka 1939. Akaingia shirika la Masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri mwaka 1959. Kazi zake zilikuwa za kawaida: kufundisha watoto, kusaidia jikoni, kutunza sakristia. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliwachukua masista wa Bafwabaka hata Isiro. Huko mkubwa wa askari akataka kumfanya mke wake. Anuarite akakataa kwa ajili ya nadhiri yake. Akapigwa, akachomwa, mwisho akapigwa risasi, tarehe 1 Desemba. Kabla ya kufa alimsamehe muuaji wake. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Hapa twajifunza mambo mawili. Kwanza, kumtii Mungu si kumtii kila mwenye sauti kubwa. Yule mkubwa alikuwa na bunduki, wala hakutiiwa. Pili, utii haujifunzwi siku ya hatari. Sista yule alikuwa ameuzoea jikoni na darasani, katika kazi zisizosifiwa na mtu.

Basi, turudi kwetu. Mume amekufa, mjane amebaki na watoto wadogo. Shemeji waja na maneno: migomba ni ya ukoo, kahawa ni ya ukoo, mama arudi kwao. Wewe umekaa hapo kikaoni, wajua kuwa si haki, nawe wanyamaza. Jioni wasali Baba Yetu. Je, uliomba nini?

Sisi makarani wa parokia twaandika ndoa kitabuni. Majina huandikwa mawili, la mume na la mke, mbele ya mashahidi. Mume akifa, hakuna padre afutaye jina la mke. Aliyeandikwa pale hakuwa mpita njia.

Utasema, "Hiyo ni mila ya baba zetu, na amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu." Kweli, lakini amri hiyo yataja baba na mama, na mjane huyo ndiye mama wa watoto wa ndugu yako. Tena iko amri ya saba, usiibe, na ya kumi, usitamani mali ya mwenzio. Hata Serikali, katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, imesema kuwa mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu.

Desemba watu wengi wa koo zetu hupanda mlimani, na vikao hufanyika. Sisi wa Njoro pia tutapanda. Ukiwa mzee, uanze kikao kwa Baba Yetu, kisha uulize waziwazi: mjane na yatima watakula wapi? Ukiwa kijana, useme kwa adabu, lakini useme. Na kama mjane amekwisha kufukuzwa, wazee wetu walituachia njia: jani la sale lililo mpakani ndilo lile lile la kuombea msamaha. Ulichume, umpelekee, umrudishe nyumbani kwake.

Karani wa Parokia, Njoro